Mafuta ya Zeituni Hayana Hatia

Kila ifikapo siku ya mishahara, ofisini kwetu hupita wachuuzi wenye mabegi mgongoni, na siku hizi katika mabegi hayo, kati ya vitenge na saa za mkononi, hazikosekani chupa za mafuta ya zeituni. Mchuuzi hana haja ya kusema mengi. Karatasi aliyoirudufu humsemea: mafuta haya yanatibu shinikizo la damu, yanayeyusha kitambi, yanasafisha ini, yanaondoa chunusi, mba, makunyanzi na michirizi, yanakuza nywele, yanalainisha ngozi ya mtoto mchanga. Kijiko kimoja alfajiri kabla ya kula chochote. Kiganja kimoja usiku kabla ya kulala. Malipo ni nusu leo, nusu mwisho wa mwezi ujao.

Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu, mtu msomi na mwenye dhamana kubwa, aliniambia kwa furaha kwamba ameacha vidonge vyake vya shinikizo la damu tangu aanze kunywa kijiko hicho. Nikamwuliza amepima lini mara ya mwisho. Hajapima. "Najisikia mwepesi, Dokta," akanijibu.

Sina ugomvi na mzeituni. Ugomvi wangu ni na wale wanaochukua ukweli mmoja na kuutumia kama chambo cha uongo kumi, na ni ugomvi pia na sisi wasomi tunaonunua chambo hicho kwa mkopo, halafu tunakwenda darasani kufundisha fikra tunduizi.

Tuanze na ukweli wenyewe, maana upo, na una uzito. Ushahidi mashuhuri zaidi ulitoka Hispania. Utafiti uitwao PREDIMED uliwafuatilia watu 7,447 wenye umri wa kati ya miaka 55 na 80, waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata maradhi ya moyo lakini walikuwa bado hawajayapata. Waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifuata mlo wa nchi za Mediterania na kupewa bure mafuta ya zeituni ya daraja la juu kabisa, yale ambayo chupa zake huandikwa "extra virgin", takriban lita moja kwa wiki kwa kila kaya. Kundi la pili lilifuata mlo huohuo, lakini badala ya mafuta lilipewa lozi na jamii nyingine za kokwa, gramu 30 kwa siku. Kundi la tatu lilishauriwa tu kupunguza mafuta katika chakula. Baada ya takriban miaka 5, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na pungufu ya karibu asilimia 30 ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo, yakilinganishwa na kundi la tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine. Mwaka 2018 watafiti wenyewe waliyaondoa na kuyachapisha upya, baada ya kubainika kwamba katika baadhi ya vituo washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama ilivyotakiwa. Hitimisho lilibaki karibu lilelile, kwa lugha ya tahadhari zaidi. Hivyo ndivyo elimu inavyojisahihisha. Sijawahi kuona mchuuzi akiirudisha karatasi yake ili aisahihishe.

Sasa usome utafiti huo kwa jicho la mtu asiyeuza kitu. Kundi lililopewa kokwa lilinufaika karibu sawa na lile lililopewa mafuta. Kwa hiyo muujiza, kama tukiuita hivyo, haukuwamo ndani ya chupa peke yake, bali ulikuwamo katika sahani nzima: mboga, kunde, samaki, matunda, na nyama nyekundu kidogo. Hakuna aliyeagizwa kunywa kijiko alfajiri kama dawa ya minyoo. Watu walipikia mafuta yale, wakayamwagia kwenye maharage na majani. Wala hakuna aliyeambiwa aache vidonge vyake. Na lita moja kwa wiki! Nani miongoni mwetu, kwa mshahara wa serikali, anaweza kununua lita nne za mafuta hayo kwa mwezi, ilhali lita moja tu dukani huuzwa mara kadhaa ya bei ya lita ya alizeti? Kijiko cha mchuuzi hakina undugu na kipimo kilichotumika Hispania. Ni jina tu limeazimwa.

Mamlaka zenye uzito zimelisema jambo hili kwa ubahili mkubwa wa maneno. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kuandikwa kwamba vijiko viwili vya mafuta ya zeituni kwa siku huenda vikapunguza hatari ya maradhi ya moyo, ikasema wazi kwamba ushahidi wake ni mdogo na si wa mwisho, na ikaweka sharti: yaliwe badala ya mafuta mgando, bila kuongeza jumla ya kalori za siku. Umoja wa Ulaya, mwaka 2012, uliruhusu dai moja finyu kuhusu polifenoli, kemikali za asili zilizomo katika mafuta hayo, kwamba husaidia kuyakinga mafuta ya mwilini katika damu dhidi ya kuharibiwa na oksijeni, tena kwa mafuta yenye angalau miligramu 5 za hidroksitairosoli na jamaa zake katika kila gramu 20. Neno zito katika maelezo ya Marekani ni "badala". Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kalori zipatazo 120. Anayekunywa kijiko alfajiri, kisha akala chapati na maandazi yake kama jana, hajabadili chochote isipokuwa ameongeza kalori 120 juu ya kitambi anachotaka kukiyeyusha.

Hayo ni ya tumboni. Ya ngozi ni mabaya zaidi, kwa sababu huko ushahidi unaelekea upande mwingine kabisa.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lakini lenye mafunzo. Watu wazima waliojitolea walipaka matone ya mafuta ya zeituni mikononi, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Tabaka la juu la ngozi, lile linalozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie, lilidhoofika, na wekundu ukatokea, hata kwa watu wasio na historia ya pumu ya ngozi. Mafuta ya alizeti katika jaribio hilohilo hayakulidhuru tabaka hilo, na yaliongeza unyevu wa ngozi. Sababu inayotajwa ni kwamba mafuta ya zeituni yana asidi nyingi ya oleiki, ambayo huvuruga mpangilio wa tabaka hilo, na yana kiasi kidogo tu cha asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji kujijenga. Watafiti wakashauri kwamba mafuta ya zeituni yasitumike kumkandia mtoto mchanga. Miaka minane kabla yao, jarida la The Lancet lilikuwa limechapisha utafiti uliofanyika hospitalini Dhaka, Bangladesh: watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wenzao ambao hawakupakwa. Alizeti, ndugu zangu. Ile ya Singida na Dodoma, inayouzwa kwenye madumu kando ya barabara kuu.

Kuhusu mba, mambo karibu yachekeshe kama yasingekuwa yanagharimu fedha. Mba huhusishwa na kuvu waitwao Malassezia, ambao chakula chao ni mafuta. Wataalamu wa maabara wanapotaka kuwaotesha, huwawekea mafuta, na mafuta yaliyotumika tangu zamani kwa kazi hiyo ni ya zeituni. Anayeyamimina kichwani ili aponye mba anawaandalia karamu.

Karatasi nyingine niliyoiona ilidai kwamba mafuta haya yanakinga jua. Hilo silichekei. Tunaishi katika nchi ambamo watu wenye ualbino hufa mapema kwa saratani ya ngozi, na ambamo katika hospitali ya KCMC, Moshi, losheni maalumu ya kuwakinga imekuwa ikitengenezwa kwa jitihada kubwa. Anayemshawishi mama wa mtoto mwenye ualbino kuacha losheni na kofia kwa ajili ya chupa ya zeituni anapaswa kufikishwa mbele ya sheria.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mzeituni umetajwa katika Kurani na katika Biblia. Sibishani nao, na mafuta ya upako ni jambo kati ya muumini na Mola wake. Nasema tu kwamba vitabu hivyo vimeutaja mti. Havikutaja chapa wala mchuuzi.

Na ndani ya chupa mna nini hasa? Ili mafuta yastahili kuitwa "extra virgin", kwa mujibu wa viwango vya Baraza la Kimataifa la Zeituni lenye makao yake Madrid, lazima yawe yamekamuliwa kwa mashine tu pasipo kemikali, asidi huru isizidi asilimia 0.8, na jopo la waonjaji lisikute kasoro yoyote katika ladha. Mafuta mazuri aghalabu hukwaruza koo kidogo. Mwaka 2005 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba mkwaruzo huo hutokana na kemikali iitwayo oleokanthali, yenye kufanya kazi mfano wa dawa ya ibuprofeni. Mwanga, joto na muda huyaharibu yote hayo, nasi huyaanika chupa dirishani mwa duka, juani, mwaka mzima. Lakini kuzeeka ni dhambi ndogo. Mwaka 1981, katika Hispania hiyohiyo iliyo nchi ya mizeituni, wachuuzi walipita mitaani wakiuza mafuta ya bei nafuu kwa jina la mafuta ya zeituni. Yalikuwa mafuta ya rapa yaliyotiwa anilini kwa matumizi ya viwandani. Zaidi ya watu 20,000 waliugua na mamia walikufa. Wengi wa walionusurika walibaki na ulemavu. Waliokufa wengi wao walikuwa watu wa kipato cha chini, ambao walitaka nao wapate kile wanachokula wenye nacho.

Hapa ndipo ninapowageukia wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ziko chini ya TMDA. Mchuuzi wa zeituni amepata mwanya kati ya milango hiyo miwili: sokoni bidhaa yake ni chakula, kwenye karatasi ni dawa, na saluni ni kipodozi. Mwongozo wa Codex kuhusu madai ya bidhaa za chakula, uliopo tangu 1979, unakataza kutangaza chakula kuwa kinatibu ugonjwa. Basi karatasi zile zikamatwe. Chupa zipimwe asidi, na matokeo yatangazwe hadharani kwa jina la chapa, ili mwananchi ajue. Hilo halihitaji wafadhili wala semina ya siku tatu Bagamoyo.

Na tuache kujidanganya kuhusu kinachowaua watu wetu. Mafuta ya kula tunayoyaagiza kwa wingi ni mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta mgando; katika alizeti kiasi hicho ni kama moja ya kumi. Kubadili kikaango cha taifa kutoka mawese kwenda alizeti kungefanya kazi iliyo karibu na ile ya "badala" niliyoieleza, kwa watu wengi zaidi kuliko chupa za wachuuzi wote. Sidai kwamba alizeti ni zeituni. Haina polifenoli zile, na mafuta ya madumu nayo yanahitaji kupimwa. Ila ipo, tunailima wenyewe, na mkulima wake kila mwaka husubiri bajeti kwa hofu ajue ushuru wa mafuta ya nje umepanda au umeshuka, kabla hajaamua apande au asipande. Mwanafunzi anayetaka mada ya tasnifu aanzie hapo.

Mwenzangu nilimsindikiza zahanati Jumatatu iliyofuata. Kipimo kilisoma 172 kwa 108. Muuguzi alimpima tena baada ya dakika kumi, akaandika namba zilezile, akamwita daktari. Amerudia vidonge vyake, na mafuta yaliyosalia mkewe anayamwagia kwenye kachumbari, jambo ambalo sina kipingamizi nalo hata kidogo. Mwisho wa mwezi mchuuzi alipita kuchukua nusu yake ya pili, akalipwa, akaacha karatasi nyingine mlangoni.