Kizibao cha Njano Kisigeuzwe Kodi ya Wapanda Baiskeli

Ndugu wanachama, katika mikutano ya matawi ya mwezi huu limezuka shauri ambalo haifai lipitishwe kwa makofi tu. Baadhi ya ndugu zetu wanataka chama kiiombe Halmashauri itunge sheria ndogo: mpanda baiskeli yeyote atakayekutwa barabarani bila kizibao cha njano chenye kung'aa apigwe faini, na baiskeli yake ishikwe mpaka alipe.

Walioleta shauri hili si watu wabaya. Wamezika. Kila mmoja wetu hapa Shinyanga aijua barabara ya lami iendayo Mwanza, jinsi malori na mabasi yapitavyo kwa kasi usiku, na jinsi wapanda baiskeli warudivyo kutoka mjini gizani, huyu amempakia mkewe na mtoto, yule ana madumu matupu nyuma, wala hakuna taa. Mtu aliyekwisha kuokota maiti ya jirani yake pembeni mwa lami ana haki ya kutaka jambo lifanyike upesi.

Lakini twauliza: lifanyike jambo gani, na alipe nani?

Sisi tunaoandika haya hufika matawini kwa baiskeli. Usiku mmoja tulikuwa tunatoka mkutanoni, tumevaa kizibao hicho hicho kinachosemwa, kipya, kimenunuliwa kwa fedha yetu. Basi likatupita karibu mno, upepo wake ukatutupa kwenye changarawe, tukachubuka goti na kadi za wanachama zikatawanyika majanini. Dereva alituona vizuri sana. Twajua alituona kwa sababu alitupigia honi kabla ya kupita, honi ya kutuambia tumpishe. Hakusimama.

Tusije tukasema kwamba kizibao hakina faida. Wenzetu wa nchi nyingine wamelipima jambo hili, na haifai tuyafiche yale yasiyotupendeza. Huko Denmark wapanda baiskeli 6,793 walijitolea kwa mwaka mzima, tangu Novemba 2012, na nusu yao wakapewa koti la njano lenye tepe za kung'aa. Waliopewa koti waliripoti pungufu kwa asilimia 47 zile ajali za kuumia zilizowahusisha na mtu mwingine barabarani. Watafiti wenyewe walishuku kwamba huenda aliyepewa koti akawa mzito wa kuripoti, wakaishusha hesabu hiyo hadi asilimia 38. Hata 38 si kidogo. Lakini tazameni, ndugu: makoti yale yaligawiwa, hakuna aliyetozwa. Tena Denmark ni nchi ambayo mjini mpanda baiskeli ana njia yake mwenyewe, hagombanii ukingo wa lami na lori.

Sasa tazameni Uingereza. Ian Walker na wenzake walitoa matokeo yao mwaka 2014. Mpanda baiskeli alivaa nguo za namna saba, siku hii nguo hizi, siku nyingine zile, na kipimo kilichofungwa kwenye baiskeli kikapima kila gari limepita umbali gani. Magari yalikuwa zaidi ya 5,000. Nguo za kung'aa hazikuwafanya madereva wakae mbali zaidi. Nguo moja tu iliwasogeza kidogo: kizibao kilichoandikwa kwamba ni polisi na kwamba dereva anapigwa picha. Na hata hivyo, avae nini avae, gari moja au mawili katika kila mia yalimpita chini ya sentimita 50.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Rangi ya njano haikumshtua dereva. Kilichomshtua ni kuona kwamba huenda akashtakiwa. Je, sisi tumwache dereva huyo aende zake, twende kumkamata aliyepitwa?

Na atakayekamatwa twamjua. Ni yule auzaye mkaa, na baiskeli ndiyo jembe lake. Ikishikwa siku tatu, nyumbani hakupikwi. Atatembea kwa miguu katika giza lile lile, ukingo ule ule, naye mtembea kwa miguu sheria hii haimgusi. Au kesho tutawavalisha vizibao watembeao pia, na ng'ombe wa Wasukuma wote? Tena ikija ajali, dereva atasema mbele ya hakimu: hakuvaa. Tutakuwa tumempa utetezi kwa mikono yetu.

Kuna jambo jingine ambalo wauza vizibao hawalisemi. Ile rangi kali ya njano hupata nguvu yake katika mwanga wa jua. Usiku kinachong'aa ni tepe, tena pale tu taa ya gari inapoipiga. Huko Australia watafiti waliwaweka madereva usiku katika barabara ya majaribio, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Mpanda baiskeli mwenye nguo nyeusi alitambuliwa mara 2 katika mia. Mwenye kizibao cha rangi bila tepe, mara 15. Mwenye kizibao cha tepe, mara 50. Alipoongeza tepe magotini na kwenye vifundo vya miguu, mara 90. Sababu ni kwamba mguu unaokanyaga pedeli hupanda na kushuka, na dereva akiona mwendo ule hujua mara moja kwamba huyu ni mtu, si nguzo. Kipande cha tepe cha kufunga miguuni ni kitu kidogo, na tawi laweza kukinunua.

Basi shauri la faini litakapoletwa, sisi tutalipinga. Badala yake tutataka Halmashauri na wenye barabara waondoe malori yanayolala ukingoni, waweke matuta penye vijiji na shule, na askari wasimame usiku kuwakamata madereva wa mwendo mkali. Tepe tutanunua wenyewe kwa mfuko wa tawi. Makatibu wa matawi waje mkutanoni na hesabu ya baiskeli za vijiji vyao, ngapi zina taa na ngapi hazina, ili tujue tuagize tepe kiasi gani.