Pakiti tupu si cheti cha daktari

Mgonjwa wa presha au kisukari anafika duka la dawa na pakiti tupu mkononi. "Nipe kama hizi," anasema. Muuzaji anaitazama, anatoa nyingine, anapokea fedha. Mwezi unaofuata ni hivyo hivyo, na mwaka unakatika bila mtu kumpima. Hali hii imezoeleka Tanzania kiasi cha kuitwa matibabu. Muuzaji anayetoa dawa ya cheti bila cheti anavunja sheria, na wanaomsimamia wamshughulikie. Leo tunasema na mgonjwa.

Daktari aliyekuandikia dawa miaka miwili iliyopita aliuandikia mwili wa siku ile. Mafigo yakichoka, dozi ya metfomini hupunguzwa au dawa ikasitishwa kabisa, na hilo huonekana kwenye kipimo cha damu hata kama mwenyewe unajisikia mzima. Mwanamke anayetumia enalaprili akishika mimba lazima abadilishiwe upesi, kwa kuwa dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Pakiti tupu haisemi lolote kati ya hayo.

Amlodipini peke yake huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Mgonjwa hupewa yenye jina moja hospitali ya wilaya, kisha yenye jina jingine zahanati ya binafsi, akameza zote akiamini ni dawa mbili tofauti. Miguu inavimba. Anakwenda kwa mganga wa tatu, haonyeshi anachomeza, anaandikiwa dawa ya kukojoa ili uvimbe upungue. Magoti yakimuuma anajinunulia diklofenaki, ambayo hupandisha presha ile ile anayoitibu na inaweza kuyaumiza mafigo. Kila aliyemhudumia aliona kipande chake tu. Aliyeyajua yote ni mgonjwa, naye alinyamaza.

Kwa hiyo siku ya kliniki beba kila unachomeza: cha hospitali, cha dukani, cha mitishamba, hata alichokugawia jirani. Vimwage mezani kwa daktari. "Kile kidonge cheupe kidogo" si jibu la mtu mzima anayejali uhai wake. Ukipewa vidonge kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x2 tu, usiondoke dirishani mpaka jina la dawa liandikwe. Kisha uliza ipi iendelee, ipi ipunguzwe, ipi iachwe, na majibu yaingie kwenye daftari lako. Wapo pia wasiomeza dawa ya presha asubuhi ya kliniki bila kuambiwa na mtu. Kipimo kinapanda, daktari anaongeza dozi ambayo haikuhitajika.

Kuishiwa dawa nako ni uzembe pale ambapo tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi. Hesabu vidonge wiki moja kabla, na mapema zaidi ukiwa na safari. Anayeacha kwa sababu presha imekuwa nzuri ajue kwamba dawa ndiyo iliyoifanya nzuri.

Tunajua dawa hukosekana dirishani, na nauli haipatikani kila mwezi. Mwambie daktari hivyo, waziwazi, akutafutie ya bei nafuu. Ukikata kidonge nusu kimyakimya ili kisogeze siku, yeye atadhani dawa imeshindwa na atakuongezea nyingine, ya gharama zaidi. Na daktari anayenakili maandishi ya mwezi uliopita bila kupima naye amekiuka kiapo chake. Kliniki za VVU nchini huwapa wagonjwa waliotulia dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na tarehe ya kupima wingi wa virusi ikafuatiliwa. Hatuoni sababu ya kliniki za presha na sukari kutofanya hivyo.

Wako pia watoto na wajukuu wanaotumwa kuwachukulia wazee dawa. Wanafanya jema, lakini mzee ambaye kadi yake huenda hospitali huku yeye amebaki kitandani hatibiwi. Zungumzeni na kliniki ijulikane lini anatakiwa kuonwa yeye mwenyewe, na siku hiyo apelekwe, hata kama ni kwa bajaji ya kukodi. Kabla ya kutoka, tazameni chini ya mto wake na kwenye kabati, vidonge vyote vilivyomo viende naye.