Sikio la mfanyakazi ni amana, mwenye mashine ataulizwa

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akampa masikio, macho na moyo ili apate kushukuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha darsa la watu wazima baada ya sala ya Isha huko Mnero, wilayani Nachingwea, karibu na mpaka wa Ruangwa. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mtu wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kusaga na kukoboa nafaka kwa mashine ya dizeli. Alikuwa hakosi hata siku moja. Lakini kila tulipofika kwenye herufi za sin, thaa na swad, alizichanganya. Nilimsahihisha mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hatilii maanani anachofundishwa. Aliinamisha kichwa, na wiki iliyofuata hakuja.

Nilipomfuata nyumbani, mkewe ndiye aliyenifumbua macho. "Sheikh," akaniambia, "mwenzangu hasikii vizuri. Sauti anaisikia, maneno hayapati. Hata mimi nilidhani ananidharau." Mtu yule alikuwa amesimama kando ya injini kwa zaidi ya miaka kumi, bila kitu chochote masikioni. Mimi niliulaumu ulimi wake, kumbe ni sikio lililokuwa limeliwa na kazi. Nilimwomba radhi, na hadi leo namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: mfanyakazi akitoka nyumbani mzima na akarudi baada ya miaka akiwa kiziwi nusu, nani atajibu kwa ajili ya sikio lake mbele ya Allah?

Neema isiyo na kope

Katika Surat An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui lolote, kisha akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo. Wafasiri wengi wamesimama kwenye mpangilio huo, wakauliza kwa nini kusikia kumetajwa kwanza. Miongoni mwa majibu yao ni kwamba elimu ya mtoto huanzia sikioni, na kwamba wahyi wenyewe uliwafikia watu kwa kusikilizwa.

Tena Surat Al-Israa, aya ya 36, inatuonya kuwa sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Sisi masheikh tumezoea kuieleza aya hii kwa upande wa kusengenya na kusikiliza ya haramu, na hayo ni kweli. Lakini kitakachoulizwa ni amana, na amana huulizwa pia kama ilitunzwa.

Tazama hekima nyingine. Jicho limepewa kope; likichoka hufungwa. Sikio halikupewa. Hata usiku tumelala lenyewe liko macho, na ndiyo maana katika kisa cha Watu wa Pangoni, Surat Al-Kahf, aya ya 11, usingizi wao wa miaka umeelezwa kwa kuzibwa masikio yao. Kiungo kisichoweza kujifunga chenyewe kinahitaji mwenyewe akilinde.

Kelele inavyolila sikio

Ndani kabisa ya sikio pana sehemu iliyojikunja mfano wa konokono. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, chembe zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo huigeuza mitikisiko ya sauti kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha. Zikipumzika mapema hurudia hali yake. Zikipigwa siku baada ya siku hufa, na kwa mwanadamu zikifa hazioti tena. Hakuna kidonge wala sindano ya kuzirudisha.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikiongezeka desibeli 3 tu, muda wa salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Asiye na chombo cha kupimia anaweza kutumia kipimo hiki cha kienyeji: ikiwa mtu aliye umbali wa mkono kutoka kwako hakusikii mpaka upaze sauti, basi mahali hapo si salama kwa masikio.

Madhara haya hayatoi damu wala hayaumi, na kwa hiyo huingia kama mwizi. Kwanza hupotea sauti nyembamba: herufi za sin, shin, fa na thaa, sauti za wanawake, na sauti za watoto wadogo. Baba huyo anausikia mngurumo wa lori barabarani, lakini binti yake akimwita kutoka uani hamsikii. Wengine hubakiwa na mlio wa daima masikioni, kama nyenje wa usiku, hata katika sijda.

Mnero na jirani zake

Wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa zimeijua mitambo tangu zamani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaletwa matrekta mazito ya kung'oa misitu, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Vitabu vya historia vinahesabu fedha zilizopotea. Masikio ya wale waliokaa juu ya matrekta hayo ni nadra kutajwa.

Leo mitambo imo vijijini mwetu. Kuna mashine za kusaga na kukoboa, mashine za kupasua mbao, karakana za kuchomelea vyuma, wachimbaji wadogo wa madini kama wale wa Namungo, na migodi ya kinywe huko Ruangwa. Vijana wetu ndio walio kando ya mashine hizo.

Na asiseme mtu kuwa ni hofu ya bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Kumasi, Ghana, ulikuta kelele katika vinu vya mahindi imevuka desibeli 85, na zaidi ya mmoja kati ya kila wasagaji watano masikio yake yamekwisha kuharibika. Hapa Tanzania, utafiti wa wachimbaji wa migodini uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu yao wana athari za kelele masikioni. Na mwaka 2019 ukachapishwa utafiti wa viwanda vyetu vya chuma: wastani wa kelele ulikuwa desibeli 92, na wafanyakazi 48 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa na usikivu, wakati kwa walimu wa shule waliolinganishwa nao walikuwa 31.

Ukuta wa Tunis

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Basi wamsikilize Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis aliyeishi zama za karne ya 14 na aliyeandika kitabu cha hukumu za majengo kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Malik. Ndani yake anazungumzia ugomvi baina ya mwenye kinu cha kusagia na jirani anayelalamika kuwa mtikisiko wa kinu unadhuru ukuta wake. Unafanywa mtihani: karatasi inaning'inizwa kwa nyuzi upande wa jirani, juu yake zinawekwa punje kavu za giligilani, kisha mwenye kinu anaambiwa akiendeshe kinu chake. Punje zikitikisika, madhara yamethibiti na mwenye kinu anazuiwa. Zisipotikisika, anaachwa na kazi yake.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Fiqhi ya Kiislamu iliupa ukuta wa udongo haki ya kupimiwa madhara kwa punje za giligilani. Je, mwanadamu anayesimama hatua mbili kutoka kwenye kinu hicho, naye ana punje laini kuliko giligilani ndani ya sikio lake, hana haki hiyo?

Haki ya mfanyakazi

Msingi wa yote ni hadithi mashuhuri inayokataza mtu kudhuru na watu kudhuriana, ambayo wanavyuoni wameifanya kuwa nguzo katika kanuni kubwa za sheria. Aidha Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Dharr iliyomo kwa Bukhari na Muslim, alifundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwatwike wasiloliweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Kumsaidia msagaji ni pamoja na kumpa cha kuzuia kelele.

Kuhusu thamani ya sikio, wanavyuoni wameafikiana kuwa anayemwondolea mwenzake usikivu wote kwa kumjeruhi analazimika diya kamili, sawa na diya ya nafsi, ambayo asili yake ni ngamia 100. Sisemi kwamba kila mwenye mashine leo atozwe diya hiyo. Hukumu ya mahakama ina masharti yake. Nasema tu kwamba kitu ambacho sheria ya Allah imekithamini kwa ngamia 100, hatuwezi kukinunua kwa ujira wa siku. Ujira ni malipo ya jasho. Sikio halimo katika mkataba.

Wanavyuoni wana kanuni nyingine, kwamba anayechuma faida ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Mwenye mashine anayehesabu madebe jioni ahesabu na masikio.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga na kuwapima afya. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unaohusika na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Mfanyakazi ana haki ya kuyajua haya, na msikiti ni mahali pazuri pa kuyasikia.

Hoja zinazosemwa

Mfanyakazi husema, "Mimi nimezoea." Ndugu yangu, sikio halizoei kelele. Ukiona kelele iliyokuwa ikikukera zamani sasa haikukeri, huenda ni kwa sababu sehemu ya usikivu wako imekwisha kufa.

Mwenye mashine husema, "Biashara ni ndogo." Kweli, biashara nyingi ni ndogo. Lakini viziba masikio vya kawaida havifikii bei ya mkanda wa mashine. Mkanda ukikatika unanunuliwa siku hiyohiyo, kwa sababu bila mkanda hakuna fedha.

Wa tatu husema, "Tumtegemee Mungu." Aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Na Surat Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa maangamizini kwa mikono yetu wenyewe.

Tufanye nini?

Kwanza, mwenye mashine aanze na mashine yenyewe: beringi zilizokwisha zibadilishwe, grisi isikosekane, bomba la moshi litoboke liundwe upya na lielekezwe mbali na watu, na ikiwezekana injini itengwe kwa ukuta. Pili, wafanyakazi wapokezane, asikae mmoja kutwa nzima. Tatu, wapewe viziba masikio au vikinga vinavyofunika sikio lote, na wafundishwe kuvivaa. Kipande cha pamba si kinga. Nne, wapimwe masikio wanapoanza kazi na kila mwaka.

Kina mama, msisubiri unga ndani ya banda la mashine na watoto wachanga mgongoni. Wekeni debe, mkakae chini ya mwembe. Kina baba, msimtume mtoto wa darasa la tatu akashinde hapo.

Familia ambayo mzee wake ameanza kuongeza sauti ya redio, au anayejibu lisilokuwa swali, isimcheke wala isimkasirikie. Mwekeeni uso mbele, semeni taratibu, na mpelekeni hospitali akapimwe.

Nasi wa misikitini tusijitoe. Vipaza sauti vya ndani vilivyofunguliwa mpaka vinakwaruza vinawaumiza waumini walio karibu navyo. Surat Luqman, aya ya 19, inatufundisha kuteremsha sauti; tuanze na wenyewe.

Yule ndugu wa Mnero alirudi darasani. Nilimkalisha mbele yangu, karibu, aone midomo na mahali ulimi unapogusa meno. Swad yake sasa imenyooka, kwa kuiona zaidi kuliko kuisikia. Masikio yake hayakurudi. Lakini bwana mwenye mashine, baada ya kuzungumza naye, amewanunulia vikinga vijana wawili waliochukua nafasi ile. Hao ndio ninaowaandikia, na wenzao wote ambao bado wanaisikia adhana ya Alfajiri bila kuamshwa.

Ewe Mola wetu, tustareheshe kwa masikio yetu, macho yetu na nguvu zetu muda wote utakaotuweka hai, na utujaalie tuwe walinzi wa amana za wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.