Ufugaji wa nyumbani: Bata hangojei bei ya koltani



Mwezi huu tunapita nyuma ya nyumba, pale karibu na shimo la takataka, ambapo mama wa kweli anaweka akiba yake. Tutaongea juu ya bata. Wengi mumemzoea, mumemwona anatembea polepole kama mzee mwenye tumbo, mukamcheka. Lakini baada ya kusoma ukurasa huu pengine mutamwangalia kwa macho mengine.

Sisi wa Masisi na Walikale tunajua maisha ya machimbo. Falanga inaingia kwa kishindo na inatoka kwa kishindo. Wazee wa Rubaya wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda juu sana, na watu wakaacha mashamba. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na walioacha mashamba wakabaki mikono mitupu. Watu wa Bisie na Njingala nao wanakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010, serikali iliposimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Kazi ilifunguliwa tena mwezi wa 3 mwaka 2011. Ni miezi sita. Shimo lilifungwa, lakini tumbo la mtoto halikufungwa.

Bata hajui mambo ya bei ya dunia. Yeye anataga, analalia, anakuza. Njo maana tunasema: baba akiwa kwenye shimo, mama awe na bata.

BATA GANI?

Yule mkubwa mwenye ngozi nyekundu usoni, anayepumua "hhh, hhh" badala ya kulia, wanamwita bata bubu. Kwa Kifaransa ni bata wa Barbarie. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini leo amekuwa mwenyeji wetu kabisa. Kuna pia bata wa kawaida, mdogo zaidi, anayepiga kelele. Kwa nyumba ya kijijini sisi tunashauri bata bubu, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, jike lake ni mama mzuri sana: analalia mwenyewe na kuchunga wanawe, hauhitaji mashine. Ya pili, ana nyama nyingi: dume akikomaa anafika kilo 4 hata 5, jike kilo 2 na kitu. Ya tatu, hana kelele. Wewe unayeishi sehemu ambayo usiku mwingine watu wanalala porini, unaelewa maana ya mnyama asiyepiga kelele.

Usichanganye aina hizi mbili ukitafuta mbegu. Dume la bata bubu akipanda jike wa kawaida, watoto watanenepa vizuri, lakini hawazai. Ni wa kula tu, kama vile nyumbu wa punda na farasi.

KUANZA

Anza na dume 1 na majike 3. Dume mmoja anatosha majike 4 au 5. Ukiweka madume wawili watapigana, na majike watachoka. Usinunue dume na majike kutoka kiota kimoja, juu kaka akipanda dada zake, watoto wanakuwa dhaifu na mayai mengi hayaanguliwi. Nunua dume kwa jirani wa mbali kidogo, na kila mwaka au miaka miwili mubadilishane madume. Hiyo haiombi falanga, inaomba tu ujirani mwema.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Majike 3, kila mmoja analalia mara 2 kwa mwaka. Kila mara mayai 12, yanaanguliwa 8, wanakua 5. Ni bata 30 kwa mwaka. Na hapo tumehesabu hasara. Mama mwangalifu atapita hesabu hiyo.

NYUMBA YAO

Bata hataki nyumba ya kifahari. Anataka pakavu pa kulala na mlango wa kufunga. Mbao za mabanzi, miti, udongo, majani au bashi juu: yote ni mazuri. Kwa kila metro moja ya mraba usipitishe bata 3 wakubwa. Chini weka vumbi ya mbao au majani makavu, na badilisha kila yanapolowa. Bata anapenda maji mchana, lakini usiku akilala kwenye matope atapata ugonjwa wa miguu na kifua.

Usiwafungulie alfajiri sana. Bata anataga usiku na asubuhi mapema. Ukimwachia saa kumi na mbili, atakwenda kutaga kwenye majani, na yai litakuwa la nyoka au la mtoto wa jirani. Ngoja hata saa mbili au tatu.

Bata bubu anajua kuruka. Kata manyoya marefu ya bawa moja tu. Atakosa usawa na hatavuka ua. Usikate nyama, ni manyoya tu.

MAYAI NA KULALIA

Jike anaanza kutaga akiwa na miezi 6 au 7. Mwandalie kiota mapema, mahali penye giza kidogo: sanduku au kitunga cha zamani chenye majani makavu. Akifikisha mayai 10 mpaka 15 ataanza kung'oa manyoya ya kifua chake na kufunika mayai. Hapo amekwisha kukaa.

Sikia vizuri hesabu ya siku, juu watu wengi wanatupa mayai mazima. Kuku ni siku 21. Bata wa kawaida ni siku 28. Bata bubu ni siku 35. Majuma matano! Andika tarehe ukutani kwa kaa la moto.

Mama bata atatoka mara moja kwa siku, kula na kuoga, kisha atarudi akiwa amelowa. Usimfukuze! Yale maji ya manyoya yake yanalainisha hewa ya kiota, na maganda hayawi makavu kupita kiasi. Muwekee chakula na maji karibu, asiende mbali.

Siku ya 8 au 10, usiku, chukua ile toshi ya kichwa ya mchimbaji. Weka yai mbele ya mwanga, ulizungushie vidole. Ukiona mishipa myembamba kama mizizi, kuna mtoto. Ukiona ni jeupe tupu, toa. Likibaki litaoza, linaweza kupasuka na kuharibu mengine.

WATOTO WA BATA

Hapa ndipo wengi wanapoteza. Majuma matatu ya kwanza njo hatari.

Katika milima ya Masisi, kuanzia Kitshanga mpaka Ngungu, adui ni baridi na mvua. Watu wanafikiri mtoto wa bata anazaliwa mwogeleaji. Ni kweli akiwa na mama yake, maana anapata mafuta ya manyoya ya mama. Lakini mtoto asiye na mama, ukimwachia kwenye beseni la maji mengi, atalowa, atapata baridi, atakufa. Mpe maji ya kunywa kwenye chombo kifupi, chenye kina cha kutosha kusafisha macho na pua, basi. Weka mawe madogo ndani ili asizame. Mvua ikija, ingiza wote ndani.

Kama unawapasha moto kwa babula, usiifunge ndani ya chumba kisicho na hewa, hasa pale watoto wako mwenyewe wanalala. Hewa ya makala inaua watu usingizini, bila harufu. Afadhali chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa.

Huko Walikale joto lipo, lakini maadui wana miguu mingi: siafu, nyoka, fungo na kanu. Zungushia nyumba ya bata majivu, fyeka majani pande zote, na ziba matundu ambayo ngumi ya mtoto inaweza kupita. Siafu wakija, usingoje kukuche. Toa bata usiku uleule.

CHAKULA

Bata mkubwa anajitafutia: konokono, minyoo ya udongo, wadudu, nzi, majani. Wafugaji wa ng'ombe wa Masisi wanafaidika mara mbili, juu konokono wa sehemu za majimaji wanabeba mnyoo wa ini, na bata anawala. Ongeza jioni mabaki ya bugali, viazi vilivyochemshwa, lengalenga, matembele, pumba kutoka mulini. Sombe na mihogo michungu usimpe mbichi. Ukiwapa chakula jioni kila siku saa moja, watarudi wenyewe nyumbani bila kufukuzwa.

Watoto wa bata wanahitaji zaidi. Ukiwapa unga wa mahindi peke yake, utaona miguu inapinda na wanashindwa kutembea. Si uchawi. Wanakosa vitamini moja inayoitwa niasini, ambayo mtoto wa bata anaihitaji kupita kifaranga cha kuku. Dawa iko jikoni: pumba za mchele, ambazo Walikale zipo, unga wa sambaza, karanga nzima zilizotwangwa, mchwa na minyoo.

Na sasa neno kubwa kupita yote ya ukurasa huu: USIMPE BATA CHAKULA CHENYE KUVU. Kiloba cha mahindi kimelowa njiani, kimekuwa kijani, mama anasema, "Sisi hatukuli, tuwape bata." Hapana! Kuvu lile linatoa sumu ya ini, na mtoto wa bata ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na wataalamu walipochunguza walikuta ni karanga zenye kuvu katika chakula chao. Sumu hiyo inaumiza pia ini la binadamu, na kupika hakuiondoi. Ukiona mahindi yanaua bata, ujue hayo si ya bugali tena. Wala usiyauze sokoni, juu mtoto wa mwingine naye ana ini.

HATARI ZA MACHIMBO

Vitabu vingi vya ufugaji havikuandikwa kwa ajili yetu, kwa hiyo haviongei mambo haya.

Bata anameza mawe madogo ili yasage chakula tumboni. Hachagui. Atameza kipande cha waya, msumari, kipande cha batri ya toshi. Madini ya risasi na zinki yanamuua polepole: anakonda, mabawa yanaanguka, mavi yanakuwa ya kijani. Kusanyeni batri zote zilizokwisha, muziweke mbali na mahali wanapokula.

Pale wanaposafisha dhahabu kwa zebaki, usichunge bata kwenye mto ule, chini ya kazi. Zebaki inaingia kwenye matope, mdudu anakula matope, bata anakula mdudu, na wewe unakula bata. Inaumiza hasa mama mwenye mimba na mtoto wake. Ni afadhali bata wanywe maji ya mvua kwenye nusu ya mpira wa gari.

Na kisima? Bata asikanyage kisima cha familia hata siku moja. Mavi yake yanaleta kuhara. Chimbia bata shimo lao wenyewe, na mwaga maji yake kwenye bustani kila baada ya siku 2 au 3. Maji yale ni mbolea.

MAGONJWA

Bata ni mgumu kuliko kuku. Ugonjwa wa Newcastle unaomaliza kuku wa kijiji kizima, bata anaweza kuubeba bila kuonyesha kitu. Kwa hiyo usilaze kuku na bata pamoja, na chanja kuku wako.

Lakini bata wengi wakifa kwa siku moja, usile, usiuze. Mwaka 2017, pwani ya ziwa Albert huko Ituri, homa ya ndege aina ya H5N8 iliua kuku na bata. Zika mizoga kwa kina, nawa mikono kwa sabuni, na mwarifu mganga wa mifugo wa eneo lenu.

MEZANI NA SOKONI

Yai la bata ni kubwa kuliko la kuku. Lichemshe mpaka ndani pote pakauke, dakika 12 na zaidi, juu linaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Mpe kwanza mtoto aliyeanza kuvimba miguu na nywele zikawa nyekundu, na umpeleke kituo cha afya. Huo ni bwaki, na bwaki haiponi kwa bugali peke yake. Kama kwenu bado wanasema mama mwenye mimba asile yai, waulize kwa upole: je, mtoto tumboni atajengwa na nini?

Uza bata wa miezi 3 au 4, hapo wamefikia. Ukingoja zaidi wanakula bila kuongeza sana uzito. Dume mzee na jike anayevunja mayai yake, waende kwenye sufuria. Wazazi wazuri usiwauze, hata machimbo yakiwa moto na wanunuzi wakija na falanga nyingi.

Jambo la mwisho, ambalo sote tunalijua. Siku ya kukimbia inakuja bila barua. Usiwe na bata 60 nyumbani wakati habari za barabara si nzuri. Uza wakubwa mapema, ubaki na dume 1 na majike 2. Hao wanaingia kwenye kitunga kimoja chenye matundu ya hewa. Usiwafunge miguu kichwa chini, na wape maji kila mnaposimama. Mkifika mahali pa kupumua, hata chini ya bashi, baada ya majuma machache jike anaweza kutaga tena. Nyumba inaanza upya kutoka kitungani.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kobayi: namna ya kuwalisha wakati wa kiangazi bila kuiba majani ya jirani. Mubaki salama.