Themostati Haihitaji Nenosiri

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane wakati: kifaa kinachowasha joto la nyumba hakipaswi kuomba nenosiri. Hakipaswi kuomba barua pepe yako, wala kukulazimisha ukubali masharti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma, wala kungoja seva iliyo jimbo jingine iseme "ndiyo" kabla hakijawasha tanuri lililo chini ya sakafu hiyo hiyo. Mimi natengeneza programu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, na nasema wazi kwamba walioharibu ni watu wa fani yangu. Fundi wa nyaya hana kosa hapa.

Najua kuna msomaji wa Nairobi anayejiuliza themostati inamhusu nini. Hapa kwetu Julai ikiuma unavaa sweta, basi. Lakini hebu hesabu jamaa zako walioko Minnesota. Huko Januari usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, na joto likikatika muda mrefu maji huganda ndani ya mabomba na mabomba hupasuka. Sasa jamaa hao wakikwama wanampigia nani? Yule aliyesomea kompyuta. Haijalishi kwamba miaka minne chuoni hakuna aliyewahi kunionyesha tanuri.

Kwa wasioijua: themostati ni swichi. Kwenye nyumba nyingi za Marekani kuna transfoma ndogo inayotoa volti 24, na nyaya chache nyembamba zinazopanda ukutani. R inaleta umeme. W inawasha joto, Y inawasha kompresa ya kiyoyozi, G inawasha feni. Nyumba ikipoa, themostati inaunganisha R na W, tanuri linawaka. Ikifika joto unalotaka, inaachanisha. Ndiyo hadithi yote! Albert Butz alibuni kidhibiti cha umeme cha tanuri mwaka 1885 huko huko Minneapolis, na mwaka 1953 Honeywell wakatoa ile ya mviringo iliyojaa kwenye kuta za Marekani, haina skrini, haina betri. Ukitaka iwe ya kuratibiwa, unaongeza saa na jedwali dogo: wakati fulani, nyuzi fulani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika alasiri moja na bado anapata muda wa chai.

Sasa tuone jedwali hilo limefanyiwa nini.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu, anaishi peke yake nje kidogo ya Minneapolis. Aliuziwa themostati mpya ya skrini ya kugusa (kampuni siitaji, zote zinafanana). Tatizo la kwanza: skrini ilikuwa inazima usiku, na nyumba inapoa. Aliyemuuzia alimwambia ni Wi-Fi yake. Wi-Fi gani? Nilimwomba aing'oe ile sahani ya mbele anionyeshe nyaya kwa simu, na hapo jibu likaonekana: hakukuwa na waya kwenye C.

C ndiyo njia ya kurudisha umeme kwenye transfoma. Themostati ya zamani haikuihitaji kwa sababu haikuwa na cha kulisha. Hii mpya ina skrini na redio, na bila C inaishi kwa kudokoa umeme kupitia waya wa W wakati tanuri limezima, inachaji betri yake ndogo. Lakini tanuri likiwaka, R na W zimeshikana, hakuna tena cha kudokoa. Kwa hiyo usiku wa baridi kali zaidi, tanuri likiwaka karibu mfululizo, ndio usiku ambao betri inaisha. Soma sentensi hiyo tena. Kuna mtu alikaa ofisini akachora hivyo, na mwingine akapitisha.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi. Kulikuwa na waya wa buluu usiotumika, umekunjwa nyuma ya ukuta na pia kule chini kwenye tanuri. Kwanza zima swichi ya tanuri, maana R ikigusana na C unachoma fyuzi kwenye bodi (mara nyingi ni ile ndogo ya zambarau ya ampea 3, kama za gari), kisha unganisha buluu kwenye C huku na kule. Shangazi alifanya yote kwa bisibisi ya jikoni, Nairobi ikiwa saa tisa usiku na kwake jioni saa kumi na mbili. "Mwanangu, usilale kwanza," ndilo neno alilorudia.

Skrini ikawaka, haikuzima tena. Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Kifaa kilisema kimepata programu mpya, na kabla ya kuendelea, ingia kwenye akaunti. Shangazi akaweka barua pepe. Wakatuma tarakimu sita. Akaziweka, zimepitwa na wakati. Akaomba nyingine, hazikuja. Kisha kiduara kikaanza kuzunguka. Nyaya ziko sawa, tanuri liko sawa, kipimajoto cha kifaa hicho hicho kinaonyesha nyuzi 58 za Farenhaiti, yaani 14 za Selsiasi, na inashuka. Kila kinachohitajika kuwasha joto kimo ndani ya nyumba. Kinachokosekana ni ruhusa.

Tukafanya ambacho mafundi wa huko hufanya. Tukazima umeme, tukakitoa kifaa ukutani, tukasokota R na W pamoja, tukawasha umeme. Tanuri likaunguruma. Inchi moja ya shaba ikafanya kazi ambayo kifaa cha dola zaidi ya mia mbili kilikataa. (Usilale ukiwa umefanya hivyo! Hakuna cha kulizima, lazima mtu akae macho aziachanishe nyumba ikipata joto.) Akaunti ilikubali kesho yake.

Tatizo la tatu lilikuwa ratiba ya kiwandani. Nyuzi 70 saa kumi na mbili asubuhi, 62 saa mbili, 70 tena saa kumi na mbili jioni, 62 saa nne usiku. Ni ratiba ya mtu anayetoka kwenda ofisini. Mstaafu anayeshinda nyumbani anapozwa kila saa mbili asubuhi na hajui kwa nini. Ratiba hiyo ilitoka kwenye vigezo vya Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani, ambao wenyewe uliacha kuzipa nembo themostati za kuratibiwa mwishoni mwa 2009 kwa sababu akiba iliyotarajiwa haikuonekana. Watu walishindwa kuzipanga. Kiwanda kikachukua somo gani? Kikaongeza intaneti.

Na si hadithi ya shangazi tu. Desemba 2015 Nest walisambaza programu mpya iliyomaliza betri za themostati zao, na Januari 2016 watu wakaamka kwenye nyumba baridi, wakiambiwa wazichomoe ukutani wazichaji kwa kebo ya USB. Agosti 2022 huko Colorado, wateja kama 22,000 wa Xcel Energy walikuta themostati zao zimefungwa kwa saa kadhaa siku ya joto kali. Ni kweli walikuwa wamejiandikisha kwenye mpango huo na kupewa punguzo, lakini nani alielewa kwamba alichouza ni kitufe cha ukutani? Na Oktoba 2025 Google walikata huduma ya simu kwa Nest za 2011 na 2012. Zile zinaendelea kufanya kazi ukizungusha kwa mkono, na hilo nawasifu: sehemu iliyobaki hai ni ile isiyotegemea seva.

Mtu ataniambia, lakini ukiwa safarini unaona joto la nyumba, na kushusha nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane kila siku, kama Wizara ya Nishati ya Marekani inavyoshauri, kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka. Sawa kabisa. Akiba hiyo inatokana na jedwali, na jedwali linakaa kwenye kumbukumbu ndogo kuliko picha yako ya wasifu.

Wakiniambia kifaa bila intaneti hakiwezi kusasishwa, nawaelekeza kwenye mita ya tokeni ya Kenya Power. Mita hizo huhesabu muda wa tokeni kwa dakika tangu 1993, kwenye biti 24, na hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Zisingepokea tokeni tena. Tulitumiwa nini? Tarakimu 20, kisha nyingine 20, ubonyeze kwa kidole, halafu tokeni yako ya kawaida. Bibi kijijini alisasisha mita yake bila akaunti, bila nenosiri, bila Wi-Fi. Tunaitukana mita hiyo kila tokeni zikiisha usiku, lakini aliyeibuni alijua kwamba mtandao hupotea.

Kwa hiyo ukiwa unaandika programu ya kifaa cha aina hii, chomoa kebo ya intaneti ofisini kwako kwa wiki nzima ujaribu kukifunga upya. Kama hakiwashi joto, hujamaliza kazi. Na wewe mwenye shangazi huko baridini, kabla hajalipa muulize muuzaji maswali mawili: kinahitaji C? Kinafungwa na kupangwa bila akaunti? Akijibu kwa kuonyesha programu ya simu, toka dukani.

Ukishanunua na kimekwama, nitumie picha ya nyaya. Ya skrini sina haja nayo.