‘Mimi’ wa Wimbo ni Nani?

Tarehe 6 Oktoba 2023 Sufjan Stevens, mtunzi na mwimbaji wa Kimarekani, alitoa santuri yake iitwayo Javelin. Siku iyo hiyo aliwaandikia mashabiki wake maneno machache akieleza kwamba tabaruku ya kazi hiyo ni kwa mwenzi wake wa maisha, mwanamume aliyefariki dunia mwezi wa Aprili mwaka huo. Stevens alikuwa hajapata kuyaweka mapenzi yake mbele ya umma kwa uwazi wa namna hiyo. Yaliyofuata miongoni mwa mashabiki yanastahili kuchunguzwa na kila mtu anayefundisha au kusoma fasihi, hata kama hajapata kuusikia wimbo mmoja wa mwanamuziki huyu na wala hana nia ya kuusikia.

Kwa wasiomjua, Stevens alizaliwa Detroit mwaka 1975. Huimba kwa sauti ya chini iliyo karibu na mnong’ono, akijipigia gita au banjo, na tungo zake huhesabiwa katika tawi lile la muziki wa Marekani linalochota kwenye nyimbo za kimapokeo za vijijini lakini linalokaa mbali na makampuni makubwa ya santuri. Kampuni inayotoa kazi zake, Asthmatic Kitty, aliianzisha mwenyewe pamoja na baba yake wa kambo mwaka 1999. Umaarufu wake ulienea mwaka 2005 alipotoa Illinois, wakati alipokuwa ametangaza kwamba angetunga santuri moja kwa kila jimbo kati ya majimbo 50 ya nchi yake. Alitunga mbili tu, kisha akakiri kuwa ahadi ile ilikuwa mbinu ya kujitangaza. (Nalitaja hili makusudi. Huyu si mtu ambaye kila asemalo ni kiapo.) Mwaka 2015 alitoa Carrie & Lowell, tungo za kumwomboleza mama yake aliyefariki mwaka 2012, na tangu hapo mashabiki wengi wakazoea kumsikiliza kama mtu asikilizavyo siri ya rafiki.

Sasa tuitazame Javelin kwa mpangilio wa matukio, kwa maana mpangilio huo ndio ulio muhimu. Wimbo wa kwanza kutoka katika santuri hiyo, So You Are Tired, ulitolewa mwezi wa Agosti 2023. Waliousikia waliupokea kama maneno ya watu wawili waliopendana kisha wakachokana. Mwezi wa Septemba Stevens akaeleza kwamba alikuwa ameamka siku moja asiweze kutembea, akalazwa hospitalini, na madaktari wakagundua kuwa ana ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao hufanya kinga ya mwili iishambulie mishipa ya fahamu. Kisha ikaja Oktoba na ile tabaruku. Wimbo wenyewe haukubadilika. Haikuongezwa silabi wala haikupunguzwa noti. Hata hivyo, wimbo ambao mwezi wa Agosti ulikuwa wa watu waliochokana, mwezi wa Oktoba wengi waliusikia kuwa maombolezo ya mauti.

Mashabiki walituma rambirambi, jambo la kiutu ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayelilaumu. Lakini hawakuishia hapo. Wapo walioona haya: walikuwa wameutumia wimbo huo kuliwazia visa vyao vidogo vya kuachwa na wachumba, na sasa wakajiona kama watu waliocheza ngoma matangani pasi na kujua kuna msiba. Wapo walioanza kuzipekua tungo za miaka 20 iliyotangulia, mstari kwa mstari, kama wapelelezi wanaotafuta alama za vidole, ili kuthibitisha kwamba ukweli ulikuwa umelala humo siku zote. Na wapo wachache waliowasihi wenzao wanyamaze wamwache mfiwa alie.

Kila mwalimu wa ushairi katika shule zetu za upili analijua swali la mtihani lisemalo: tambua nafsineni katika shairi hili. Mwanafunzi anayejibu “mwandishi” hunyimwa alama. Nafsineni yaweza kuwa mjane, mtumwa, mvuvi, au hata mti, na mtunzi akawa mzee wa Lamu ambaye hajapata kufiwa na mke. Kwa kipimo hicho, mashabiki wa Stevens walifeli swali la kwanza la karatasi. Walichukua habari za mtu na kuziweka mahali pa sauti iliyo ndani ya utungo.

Hata hivyo sitaki kuwahukumu haraka, kwa kuwa kosa lao lina mizizi katika lugha yenyewe. Mwanaisimu wa Ufaransa, Émile Benveniste, alieleza katika maandishi yake yaliyokusanywa kitabuni mwaka 1966 kwamba neno “mimi” halina maana ya kudumu kama lilivyo neno “meza” au “mlima”. “Mimi” ni yule anayetamka “mimi” wakati anapotamka. Akinyamaza na mwingine akalitamka, limehama. Ni kama kiti cha kinyozi: aketiye ndiye anayenyolewa, na akiondoka kiti humngoja mwingine. Katika mazungumzo ya kawaida twamwona aliyeketi. Katika wimbo hatumwoni, na hapo ndipo utamu ulipo, maana msichana anayeimba peke yake chumbani huko Eldoret au Ohio hukalia kiti hicho mwenyewe bila kuomba ruhusa. Ule wimbo wa Agosti ulikuwa na viti vingi kama walivyokuwa wasikilizaji wake. Tabaruku ya Oktoba iliwafanya wengi wao wasimame kwa heshima, wamrudishie mwenyewe kiti chake, wakabaki ukutani wakimtazama.

Na si “mimi” tu. Kwa miaka mingi mashabiki wa Stevens wamebishana juu ya “wewe” wa tungo zake, yaani nafsinenewa. Ukristo wake haufichiki, hasa katika Seven Swans ya mwaka 2004, wala shauku yake ya kimapenzi haifichiki, na mara nyingi mambo haya mawili hulala katika ubeti mmoja. Je, anayeambiwa “wewe” ni Mungu au ni mpenzi? Swali hilo limekuwa mzaha wa kudumu miongoni mwao. Baada ya Oktoba 2023 wapo waliotangaza kwamba kesi imekwisha, kwamba alikuwa mpenzi siku zote. Mimi nasema kesi haikwishi kwa njia hiyo. Kiingereza humlazimisha msemaji kutaja jinsia anapomzungumzia mtu wa tatu, lakini kinamwachia uhuru anapomwambia mtu wa pili, na mtunzi hodari hukimbilia uhuru huo kama msafiri akimbiliavyo kivuli. Kiswahili chetu ni karimu zaidi. Kiambishi “a-” hakimtambulishi mwanamume wala mwanamke, na kitenzi kimoja tu, “nakulilia”, kimebeba nafsi mbili zisizo na jina, jinsia wala umri. Aliyefiwa hukielewa, aliyeachwa hukielewa, na mcha Mungu anayesali usiku wa manane hukielewa vilevile. Sarufi ikishauacha mlango wazi, tangazo la mtunzi haliwezi kuufunga. Laweza tu kutuonyesha ni nani mmoja wa waliopita hapo.

Utamaduni wa Waswahili una njia yake ya kulishughulikia jambo hili, nayo ni kinyume kabisa na ile ya mashabiki wa Marekani. Aliyepata kuhudhuria taarabu Mombasa au Unguja ameliona. Mwimbaji anafika kwenye ubeti wa kuteta, mama mmoja anainuka kitini akiwa na noti mkononi, anatembea kwa maringo hadi mbele, anamtunza mwimbaji, na pengine anamtupia jicho mwenzake aliyeketi mstari wa pili. Kwa kitendo hicho maneno yamekuwa yake. Hakuna anayeuliza kama mwimbaji mwenyewe aliibiwa mume, na wala mtunzi aliyeketi na fidla yake pembeni hahojiwi kilichomsibu alipokuwa akiandika. Mwulizaji angeonekana mshamba. Swali la ukumbini ni moja: wimbo huu leo unaimbwa kwa niaba ya nani, na umemlenga nani? Kwingineko shabiki anamwendea mwimbaji ili ajue siri yake. Hapa anamwendea ili aazime ulimi wake.

Hali kadhalika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Nafsinenewa wake anajulikana kwa jina, naye ni Mwana Hashima, binti wa mtunzi, na mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa anayemwusia mwanawe. Habari hizo zote zinajulikana kwa yakini, lakini hazikuwazuia vizazi vya wanawake wa Pate, Lamu na Mombasa kuukalia utendi huo kama wosia wa mama zao wenyewe, na hata wengine kubishana nao vikali kama mtu abishanavyo na mamaye.

Msomaji atanirudi hapa, na ana haki. Ataniuliza: je, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, inasomeka vema bila kujua kwamba ilitungwa gerezani, baada ya mwandishi kufungwa kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Ni kweli kwamba haisomeki vema. Mwanafunzi asiyejua habari za kifungo kile atapoteza mengi, na mwalimu anayezificha kwa kisingizio cha nafsineni anamwibia. Basi tofauti iko wapi? Naona iko katika kile ambacho habari hiyo inaufanyia utungo. Tukishajua habari za gereza, maneno yaliyodhaniwa kuwa malalamiko ya mtu mmoja hupanuka, yakagusa nchi nzima na kila mfungwa wa dhamiri. Maana zinaongezeka. Katika kisa cha Javelin, kwa jinsi wengi walivyoipokea, maana zilipungua. Nyimbo zilizokuwa za wengi zikageuka tanzia ya mtu mmoja, na msikilizaji akabakiwa na kazi moja tu, ya kumhurumia. Habari za maisha ya mtunzi hazina kosa. Kosa ni kuzitumia kama komeo.

Gharama ya kosa hilo hulipwa na mtunzi pia, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Mwaka 2025 Carrie & Lowell ilitolewa upya kuadhimisha miaka 10. Badala ya kushangilia, Stevens alisema kwamba anaiona kazi ile kama kushindwa kwake kisanaa, kwamba inamtia haya, na kwamba hakuwa na mamlaka juu ya maisha wala kifo cha mama yake hata ayafanye kuwa nyimbo. Maneno mazito hayo kutoka kwa mtu ambaye santuri ile ndiyo iliyompatia mapenzi makubwa ya watu! Mashabiki walishtuka. Wengi walimjibu kwamba kazi hiyo anayoionea haya ndiyo iliyowavusha walipofiwa na wazazi wao wenyewe.

Katika majibu hayo naona jambo ambalo halikuonekana Oktoba 2023. Mashabiki hawa hawakumwambia kwamba sasa wanamfahamu mama yake. Walimwambia kwamba walikuwa wamewalilia mama zao. Bila kufundishwa isimu na yeyote, walikuwa wamekikalia kiti, na mtunzi alipotaka kukivunja walikataa. Yamkini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amesahau kwamba “mimi” aliyemweka ndani ya zile nyimbo alikwisha kuhama kwake siku nyingi. Majuto yake ni ya mtu anayeamini kwamba aliandika ushahidi. Majibu yao ni ya watu waliopokea wimbo.

Limebaki jambo moja kuhusu Javelin, nalo nimeliacha hadi sasa kwa kuwa laonekana dogo. Santuri ile ina nyimbo 10, na nakala zake ziliambatana na kitabu cha kurasa 48 chenye picha na insha za Stevens mwenyewe. Kila kitu humo kinamwalika msikilizaji aamini kwamba ameingia nyumbani kwa mtu. Wimbo wa 10, ule wa kufungia, unaitwa There’s a World, na baada ya nyimbo tisa za uchungu humfikia msikilizaji kama faraja ya mfiwa anayeanza kuinua kichwa. Wimbo huo si wa Stevens. Ni wa Neil Young, naye aliutoa katika santuri yake ya Harvest mwaka 1972, Stevens akiwa hata hajazaliwa. Ningependa mwalimu mmoja wa fasihi awapigie wanafunzi wake nyimbo mbili za mwisho za santuri hiyo bila kuwatajia jina la mtu yeyote, kisha awaulize swali lile lile la mtihani, na awaache wabishane hadi kengele ilie.