Kubeba kioo nako kuna bei

Na Rehema Mbwambo

Kibarua akikatwa na kioo kwenye ujenzi, hukumu hutolewa papo hapo: hakuwa makini. Naipinga. Mara nyingi ajali hiyo iliandaliwa siku mteja na fundi alumini walipopatana bei. Walihesabu kioo, fremu, gundi na nauli ya kirikuu, ila kazi ya kukitoa garini mpaka ghorofa ya nne haikutengewa hata shilingi.

Uzito wa kioo huwadanganya wengi. Mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 1 ina kilo 2.5. Kwa hiyo kioo cha milimita 10, upana mita 1.2 na urefu mita 2.4, kina kilo 72, wakati pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Mfuko wa saruji ukimshinda mtu, huubwaga chini na maisha yakaendelea. Kioo kikiponyoka, mikono hukimbilia kukidaka yenyewe, na ukingo wake hukata mishipa ya kifundo. Juu ghorofani upepo nao hukijaza kama tanga.

Hata hivyo, naona hatari kubwa zaidi iko kwenye kuegesha. Vioo 10 vya milimita 6 vya ukubwa uleule vikiegemezwa ukutani vina kilo 432. Fundi anayetaka cha nyuma huvivutia vya mbele kifuani, kimoja baada ya kingine, mpaka vinapopita wima. Vikishapita, hakuna kifua cha kuvizuia, na glavu na kofia ngumu hazimsaidii. Kinachomsaidia ni fremu imara ya kuegeshea, mkanda wa kuvifunga, na kuvipanga ili kinachofungwa kwanza kikae mbele.

Makandarasi wadogo watasema vifaa ni ghali. Kwa kreni na mashine za kunyonya kioo, wana haki. Lakini fremu ya mbao hutengenezwa na seremala aliye palepale, kuondoa kokoto na nondo njiani ni kazi ya muda mfupi, na dirisha kubwa linaweza kugawanywa mara mbili tangu kwenye ramani. Wengine hujitetea kwamba kioo kilichokazwa kwa joto huvunjika chembe butu. Ni kweli, chembe zake hazichani kama visu, ila kilo hazipungui, na kona yake ikigonga zege kinaweza kusambaratika chote mikononi mwa waliokibeba. Uzoefu wa fundi nao, ambao hutajwa sana, haupunguzi uzito wa kitu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Tatizo ni kwamba kwenye majengo yetu mteja humsukumia mkandarasi, mkandarasi humsukumia fundi, na fundi huokota kibarua wa siku getini. Ndiyo maana naanza na mwenye fedha. Wewe unayejenga, kabla ya kusaini makadirio ya madirisha, tafuta mstari wa kubeba na kuegesha vioo. Usipouona, rudisha karatasi.